Rimu ya aloi yenye ufa: nichomelee, nitie tyubu, au ninunue nyingine?

*"Shikamoo fundi. Nina Toyota Wish niliyoinunua kwa mtu Dar mwaka jana, ikiwa tayari imefungwa rimu za spoti za inchi 17, tairi 215/45. Naishi Lindi, na kila wiki nakuja Mtwara kikazi na kurudi, mara nyingine nikiwa na mke na watoto. Gurudumu la mbele kushoto linapungua upepo. Nikijaza paundi 33 Jumatatu asubuhi, Alhamisi nakuta 20. Fundi wa kwanza aliziba pancha ambayo nadhani hata haikuwepo. Wa pili alifungua tairi akanionyesha ufa upande wa ndani wa rimu, urefu wa kidole gumba hivi, akasema nitie tyubu nisahau. Wa tatu anasema atachomelea na itakuwa nzima kuliko mwanzo. Jirani yangu anasema nihamishie gurudumu nyuma tu. Kwa nje rimu inang'aa kama mpya. Nifuate la nani?"*

Marahaba. Usifuate la yeyote kati ya hao wanne. Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata: gurudumu hilo litoe leo, funga spea, na usije nalo Mtwara tena. Rimu hiyo nunua nyingine. Na ukiweza kujibana kidogo, rudi kwenye inchi 15 zote nne, nitakueleza kwa nini.

Wenzangu wote wamekujibu swali la upepo, maana ndilo ulilowauliza: unatoka, tuuzuieje? Lakini ulipoonyeshwa ule ufa, swali lilikwishabadilika. Sasa tunauliza kama chuma chenyewe kinaweza kubeba gari yenye watu watano kwa mwendo wa 80 au 100. Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Huo upepo unaopungua ni mjumbe, na tyubu kazi yake ni kumnyonga.

Hata hivyo tuhakikishe kwanza, kwa sababu si kila rimu yenye mstari imepasuka, na huku kwetu pwani upepo una njia nyingi za kutokea. Tairi nzima kabisa hupoteza paundi 1 au 2 kwa mwezi, hiyo ni kawaida. Kutoka 33 hadi 20 kwa siku tatu si kawaida. Kinachoweza kusababisha ni msumari, sindano iliyomo ndani ya valvu, mpira wa valvu uliochakaa, kutu kati ya ukingo wa tairi na rimu, rimu iliyopinda, au ufa. Valvu unaweza kuipima mwenyewe nyumbani: toa kofia, weka tone la mate juu yake, subiri. Likijikusanya kama kipovu, sindano haishiki, na hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Kutu ndiyo naiona kila wiki, hasa kwa magari ya Mikindani na kwa wanaoenda Msimbati kuendesha ufukweni mchangani halafu wanarudi nyumbani bila kuosha gari kwa maji yasiyo na chumvi. Aloi, yaani alumini iliyochanganywa, haitoi kutu nyekundu kama chuma. Inatoa unga mweupe unaoinua rangi kama ganda, na tairi inapokalia juu ya ganda hilo inabaki nafasi nyembamba kuliko unywele. Upepo unapita hapo taratibu, usiku na mchana. Dawa yake ni kufungua tairi, kusugua kwa brashi mpaka pawe laini, kupaka gundi ya ukingo, na kubadilisha valvu papo hapo. Rimu inarudi barabarani miaka mingine. Kama tatizo lako lingekuwa hilo, barua hii ingeishia hapa.

Ufa una tabia yake, na njia ya kuuona ni maji. Mimi nina pipa nililolikata nusu. Gurudumu linajazwa mpaka 40 likiwa na tairi lake, linazamishwa polepole, upande wa ndani ukitazama juu, na hakuna anayeongea. Kutu ikivuja, mapovu yanatoka pembeni, kwenye duara ambapo mpira unakutana na rimu. Ufa ukivuja, mapovu yanatoka katikati ya chuma kitupu, mahali ambapo hakuna mpira wala valvu, na yanajipanga mstari: madogo sana, kama shanga, moja baada ya jingine. Mteja akiona ile shanga huwa hanibishii tena. Mwambie yeyote atakayekushughulikia akufanyie hivyo mbele yako. Kama hana pipa, povu la sabuni ya unga kwenye sehemu yote ya ndani litaonyesha vilevile, ila linahitaji uvumilivu.

Sasa kwa nini ndani, wakati nje panang'aa? Rimu ishike mkononi uitazame. Upande wa nje umeshikwa na ile mikono inayotoka kitovuni. Upande wa ndani ni kama mdomo wa ndoo: duara tupu, hakuna kinachoushikilia. Ukiingia shimoni, ukingo wa shimo unabana tairi mpaka mpira wa juu unagusana na wa chini, halafu pigo linaishia kwenye huo mdomo mtupu. Ndiyo maana ukiosha gari kila Jumamosi bado huwezi kuuona ufa. Lazima ulale chini na tochi, au gurudumu litoke.

Na hapa ndipo inchi 17 zinapokuponza. Katika 215/45, urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya 215, yaani milimita 97 hivi. Tairi ya 195/65 ya inchi 15, ambayo Wish nyingi zilitoka nayo kiwandani, ubavu wake ni milimita 127. Gurudumu kwa ujumla linabaki karibu ukubwa uleule, lakini umepoteza sentimita 3 za mpira na upepo, na ndizo zilizokuwa zinapokea pigo kabla halijafika kwenye chuma. Kwenye lami laini hutaona tofauti zaidi ya gari kupendeza. Kwenye shimo lililojaa maji ya mvua, au tuta ambalo rangi imefutika, au yale matengenezo ya kiraka juu ya kiraka, sentimita 3 ndiyo kila kitu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, magari yaliyokuja kupita baadaye yalinipa kazi ya rimu ambayo sikuitamani. Zilizoumia nyingi zilikuwa za tairi zenye ubavu mfupi.

Watu husema aloi ni kitu duni, "bati tu". Si kweli. Rimu nyingi za aloi zimetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Baada ya hapo inaokwa kwenye joto la karibu nyuzi 540 kwa saa kadhaa, inazamishwa majini ghafla, kisha inaokwa tena kwa joto la chini, kama nyuzi 160. Nguvu yake kubwa inatokana na huo upishi. Ubaya wake ni kwamba haina uvumilivu wa kupinda kama rimu ya chuma. Rimu ya chuma ukiipiga inabonyea, unaigonga inarudi. Aloi nayo hupinda kidogo, lakini ikizidiwa inapasuka.

Na ikishapasuka haikai ilivyo. Gurudumu lako linazunguka mara 500 hivi kwa kila kilomita. Kutoka Lindi hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo kila safari moja ule ufa unabanwa na kuachiwa zaidi ya mara 50,000, achilia mbali mashimo. Chukua waya, ukunje na kuukunjua palepale, utaona. Kwa siku nyingi hauonyeshi kitu, halafu unakatika mara moja. Hakuna fundi anayeweza kukuambia umebakiza safari ngapi. Akikuambia, anabahatisha kwa roho za watoto wako.

Tukirudi kwa washauri wako. Aliyesema tyubu si mjinga. Zamani tairi zote zilikuwa na tyubu, na kwenye rimu ya chuma iliyochoka bado tunaziweka kwa malori. Lakini tairi yako ni ya tyubulesi, ndani yake kuna mistari na alama ambazo hazikutengenezwa kulalia tyubu. Tyubu inasugulika, inapata joto, na ukiwa mwendo wa kasi joto hilo ndilo adui. Ikitoboka haivuji taratibu, upepo wote unatoka kwa mkupuo kupitia tundu la valvu. Juu ya hayo, midomo ya ufa ni mikali, inafunguka na kufumba kama mkasi, na tyubu imelala juu yake. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba ukishaitia, kila asubuhi utakuta 33 na moyo wako utatulia, huku ufa ukiendelea kutembea bila kukuaga. Gundi ya chuma na ile dawa ya maji inayomiminwa kupitia valvu naziweka kundi hilohilo. Ile dawa ya maji inaweza kukutoa porini mpaka Mingoyo ukipata pancha ya msumari, sikatai. Kwa ufa hapana.

Kuchomelea kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu kuna wanaokufanya vizuri. Aloi inachomelewa kwa mashine maalumu yenye mtungi wa gesi ya agoni, kwa waya wa alumini unaofaa, baada ya ufa kuchimbwa mpaka mwisho wake na kusafishwa rangi na mafuta yote. Ufa mfupi, mmoja, uliokata mdomo wa ndani tu, mbali na mikono ya rimu, unaweza kuzibwa hivyo usivuje tena. Ila kumbuka ule upishi. Ili chuma kishikane lazima pale pafike karibu nyuzi 600, na hapo nguvu iliyopikwa kiwandani inapotea kuzunguka mshono. Fundi anaacha mshono mzuri, na pembeni yake anaacha chuma kilicholegea. Ndipo ufa mpya huanzia, sentimita moja kutoka wa zamani. Nimezipokea rimu za namna hiyo, mshono mzima kabisa, jirani yake amepasuka. Watengenezaji wengi wa magari wanakataza kabisa kuchomelea rimu, na sababu ni hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wachomeleaji wa mageti hawalijui. Chuma cha kawaida kikipata moto kinakuwa chekundu, unaona kinakokwenda. Alumini haibadiliki rangi. Inakaa na weupe wake, imetulia, kisha inaporomoka ghafla. Kwa hiyo mtu anayepasha rimu yako kwa mtungi wa gesi ya kukatia ili "ainyooshe" hajui amefika nyuzi ngapi, wala wewe hujui umerudishiwa nini. Huyo aliyekuambia itakuwa nzima kuliko mwanzo, muulize ana agoni? Akianza kuzunguka, aga uondoke. Na hata akiwa nayo, ufa wa urefu wa kidole gumba kwenye gari inayobeba familia kila wiki kwa mwendo wa barabara kuu, mimi singeuchomelea. Ningekubali labda kwa pikapu ya shambani isiyozidi mwendo wa 40.

La jirani yako la kuhamishia nyuma limeenea mno. Watu wanaogopa la mbele kwa sababu ya usukani. Lakini la mbele likipasuka, gari inavuta upande mmoja na mikono yako inahisi, unapigana nayo. La nyuma likipasuka, mkia wa gari unachomoka na unazunguka kabla hujaelewa. Rimu yenye ufa haina mahali pake kwenye gari. Wala usiifanye spea, maana spea utaifunga usiku, mvua ikinyesha, ukiwa na haraka.

Ukija kununua, una njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta rimu moja iliyotumika inayofanana na zako. Wish inatumia nati 5 kwenye duara la milimita 100. Usikubali ya 114.3 ati "itaingia tukilazimisha". Tafuta kwa nyuma alama JWL iliyoandikwa kwenye chuma chenyewe, ni alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za aloi. Haitoshi peke yake, wapo wanaoiiga, lakini rimu isiyo na alama yoyote wala namba ya uzito inaobeba usiiguse. Kisha uipime kwa njia ya wazee. Paka mafuta ya taa upande wote wa ndani, acha robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, halafu paka vumbi la chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Chaki na mafuta ya taa kidogo si gharama kubwa, na muuzaji atakayekukataza kufanya jaribio hilo amekwishakujibu. Mwisho, izungushwe kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu, uone kama inayumba.

Ya pili, ninayoipenda kwa safari zako, ni kuuza zile tatu nzima na kurudi inchi 15 na tairi 195/65, za chuma au za aloi. Gari haitapendeza vilevile, nakubali, na vijana wa stendi watakuambia umeishusha hadhi. Tairi zake zinapatikana hata Masasi, na zikikutana na shimo zinalipokea. Ukienda kwenye rimu za chuma, angalia nati. Nyingi za aloi za Toyota zina shingo ndefu na washa bapa, za chuma zina kichwa chenye koni. Ukichanganya, zitakaza mkononi lakini hazitakalia vizuri, na gurudumu litalegea njiani. Kaza kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, nyutoni mita 103 kwa Toyota hizi ndogo, si kwa kuruka juu ya spana kama tunavyoona. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena.

Tairi yenyewe usiihamishie kwenye rimu mpya kabla ya kuichungulia ndani. Umekuwa ukiitembeza ikiwa na 20 kwa siku kadhaa, na tairi yenye upepo mdogo inapinda mbavu kila mzunguko mpaka inajipika. Ukiifungua ukakuta unga mweusi umekusanyika ndani kama masizi, au ubavu una mkunjo unaozunguka, hiyo imekufa hata kama kashata za nje, yaani meno ya tairi, bado nzito. Soma pia zile namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT ubavuni: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Spea nayo iangalie kabla hujaifunga. Nyingi za gari hizi ni zile nyembamba, zinataka 60, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Wengi wanazikuta na 15. Na upepo wa tairi nyingine pima asubuhi kabla gari haijatembea. Ukipima umefika Mtwara mchana utasoma paundi tatu au nne za ziada, utapunguza, na kesho zitakuwa chini. Kibandiko cha mlango wa dereva kimeandikwa kwa kilopaskali, 230 ni kama 33, na kimeandikwa kwa ajili ya tairi za kiwandani.

Kuna dalili ambazo hazisubiri siku ya kazi. Usukani ukianza kutetemeka ghafla wakati jana haukutetemeka, ukisikia mlio wa tik-tik unaofuata mwendo wa gurudumu, upepo ukianza kuisha ndani ya siku moja badala ya tatu, au ukiona ufa karibu na matundu ya nati au kwenye mkono wa rimu, simama palipo salama, usiendeshe mpaka gereji. Mlete fundi ulipo, au gari ipakiwe. Na zile rimu tatu nyingine zitolewe zote zipite kwenye pipa, kwa sababu zimepita mashimo yaleyale.

Hiyo iliyopasuka ukishaitoa, usimwachie fundi wala usiiweke uvunguni. Ikiachwa itapigwa rangi na kuuzwa tena kwa mtu mwingine anayesafiri na watoto wake. Chukua msumeno wa chuma uikate mdomo mpaka ndani, kisha mpe muuza vyuma chakavu. Alumini ina bei, na huwa inaishia kuyeyushwa kuwa sufuria.